Mwenye Nyumba ya Magurudumu

Nimechoka kusimulia safari hii vipande vipande. Aliyenikuta kanisani alipata habari za msafara wa jeshi bila habari za mchanga. Aliyenikuta kwenye kituo cha maziwa alipata mchanga bila wale akina mama. Shemeji yangu, ambaye hana subira hata ya kusubiri chai ipoe, aliondoka kabla sijafika Thika. Basi naandika yote mara moja, msomeane. Mambo ya vibali, mihuri na ofisi nilizozungushwa nayaruka, maana yalinichosha wakati huo na sioni kwa nini yawachoshe na nyinyi.

Wengi mnanijua kama dereva mstaafu. Labda hamjui kwamba kwa miaka mingi nilimwendesha mzungu mmoja, mpima ardhi mzee, na kwamba kila mwaka ukungu wa Juni uliposhuka huku kwetu milimani nilimpeleka Garissa. Hakuwa peke yake. Wazungu wazee wa mashamba ya baridi, watu waliokwisha kustaafu, walikuwa wakifunga karavani zao, zile nyumba za magurudumu, nyuma ya magari na kuteremka hadi kando ya mto Tana kuota jua mpaka Septemba. Walipanga safu ndefu chini ya migunga, wakacheza karata na kulalamika juu ya mbu. Mimi nililala chini ya gari.

Uhuru ulipokuja wengi wao walifungasha wakaenda zao. Mpima ardhi naye alienda, na karavani ikabaki uani kwangu, kuku wa mke wangu wakataga mayai ndani yake.

Sasa mke wangu. Nyambura, Mama Wairimu, mnamjua kwa kelele zake. Lakini mwaka jana mliacha kuzisikia. Baridi yabisi ilimshika magoti, ikapanda kiunoni na kwenye vidole, na Julai nzima alilala akitazama dari. Daktari alisema anahitaji joto kavu, si la pwani lenye unyevu. Baridi ya mwaka huu ilipoanza kunusa milangoni, Nyambura akaniita kitandani.

"Baba Wairimu, kule ulikokuwa ukiwapeleka wazungu wako kuota jua, mtu mweusi akiota haliwaki?"

"Kuna vita kule," nikamwambia. "Kuna mashifta wanaovizia magari njiani, kuna jeshi, kuna kafyu."

"Na huku kuna dari," akasema. "Dari nimeimaliza kuitazama."

Siku hiyohiyo niliwafukuza kuku.

Limuru hadi Thika

Wanangu wawili walimbeba mama yao kutoka kitandani hadi kwenye karavani. Ukungu ulikuwa mzito, na majirani walisimama kando ya ua wamejifunika blanketi kama watu waliokuja kwenye mazishi. Jirani yangu Karanja hawezi kunyamaza hata kwa dawa.

"Mkikutana na mashifta," akasema, "waambieni Karanja hakuwa na habari."

Nyambura akamjibu kupitia dirishani. "Karanja, hapa nimebebwa, umeona. Kule nitashuka mwenyewe. Na nikirudi nitaingia jikoni kwako kwa miguu yangu, nichukue sufuria yangu kubwa uliyoazima wakati wa arusi."

Watu wakacheka, mimi nikaondoa gari. Lakini tulipofika kwenye mteremko wa kwanza aligonga ukuta wa karavani, nikasimama kuona ana nini. Hakuwa akicheka tena. Aliniambia nisithubutu kumbeba tukifika, wala nisimruhusu mtu mwingine ambebe. Kama joto la Garissa litashindwa kumsimamisha, basi nigeuze gari nimrudishe alale kwake, na tusizungumze tena habari za kwenda popote. Nikakubali. Ningesema nini? Nilirudi kwenye usukani.

Mwingi, kliniki isiyo na daktari

Mwingi tulikaa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kutoka hapo hakuna gari lililoruhusiwa kwenda mbele peke yake. Unasubiri magari yajae, jeshi lije, ndipo mnaondoka pamoja. Nikaegesha karavani karibu na soko, nikaifungua madirisha mgonjwa apate hewa.

Asubuhi yake niliamka nikakuta mstari wa akina mama na watoto migongoni, umeanzia mlangoni kwetu ukapinda nyuma ya maduka. Nyumba nyeupe yenye magurudumu, kwa watu wa Mwingi, ilikuwa kliniki ya serikali, na mimi mwenye koti jeupe la udereva nilikuwa msaidizi wa daktari. Nikawaeleza. Hawakuamini. Mama mmoja mnene alinisukuma kando, akachungulia ndani, akamwona Nyambura amelala.

"Kumbe mgonjwa wa kwanza ameshaingia," akawatangazia wenzake. "Tusubiri."

Nyambura alicheka hadi akashika mbavu. Ilipofahamika kwamba hatuna hata kidonge, wengi walienda zao wakinung'unika, lakini yule mama mnene alibaki. Jina lake Mwikali. Alirudi jioni na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na kunde hadi yakalainika, akamlisha mke wangu huku akimpa ushauri wa kila aina, mwingi wake ukiwa wa kunituma mimi kuni. Alitulisha hivyo mpaka msafara ulipofika. Nikimtajia malipo alikuwa ananitazama kama mtu aliyetukanwa.

Katikati ya msafara

Sajini aliyeongoza msafara alizunguka karavani mara mbili, akipiga matairi teke.

"Mzee, hii ni kuku wa kufungwa kamba. Itatuchelewesha. Tukipigwa risasi, utaikimbiza?"

Nilimwambia njia hiyo nilikuwa naiendesha yeye akiwa bado ananyonya. Hilo halikusaidia. Kilichosaidia ni sauti ya Nyambura kutoka ndani, ikimuuliza kama mama yake yu hai. Sajini akasema yu hai. Akaulizwa kama magoti yake ni mazima. Sajini akakuna shingo chini ya kofia, akasema kwa kweli yanamsumbua sana wakati wa baridi.

"Basi nitangulie mimi nikalijaribu hilo joto la huko," akasema Nyambura. "Nikipona, umlete."

Tukawekwa katikati, si nyuma.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa safari ya raha. Tulipita lori lililoungua kando ya njia, limebaki mbavu tupu, na hakuna aliyelitazama mara mbili. Wanajeshi walikaa juu ya magari wameelekeza bunduki vichakani. Vumbi liliingia hata mahali pasipo na tundu. Nilikuwa na hofu, na kila tuliposimama niliruka chini kwenda kumwangalia mke wangu.

Baada ya Ukasi nchi ilitandaa, milima ikabaki nyuma, na joto likatupokea. Tuliposimama kupoza injini nilifungua mlango wa karavani nikamkuta Nyambura ameketi. Ameketi mwenyewe! Mkononi alikuwa na chungwa, na alikuwa akilimenya. Vidole vile ambavyo tangu mwaka jana havikuweza hata kufunga kifungo vilikuwa vinakwenda polepole kuzunguka ganda. Alinipa kipande. Nilikila nikiwa nimegeukia upande wa pili, maana dereva wa makamo yangu hapaswi kuonekana na wanajeshi akilia juu ya chungwa.

Garissa, chai kwanza

Tulivuka daraja la Tana jua likiwa bado juu. Mji ulikuwa na askari wengi na watu wachache, na wale wachache walitembea upesi. Kwenye kizuizi inspekta wa polisi alisoma karatasi zangu, akaniambia kambi ya wazee bado ipo, maili chache kando ya mto, na ina ulinzi. Kisha akaniwekea sharti. Kafyu inaanza jua likizama. Kama filimbi italia tukiwa bado njiani, hatutalala kambini hata siku moja. Kesho yake tutarudishwa na msafara uleule.

Mtu mwenye akili angeenda moja kwa moja. Mimi nilikuwa na njaa, na nilikumbuka mkahawa mmoja karibu na soko la ngamia. Mwenyewe, Msomali, bado alikuwepo, amezeeka, akanitambua, akaniamkia.

"Dereva wa wasungu!" akasema. "Nabad? Leo umeleta nani?"

"Leo nimejileta mimi mwenyewe."

Alifurahi hadi akakataa tuondoke. Akaleta chai ya maziwa ya ngamia, akaleta anjera, mikate yao laini kama chapati, akaleta nyirinyiri, ile nyama ndogondogo iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli. Nilimpelekea Nyambura sahani ndani ya karavani, akaimaliza akaomba nyingine. Nikinyanyuka, mwenye mkahawa ananimiminia kikombe. Kwake mgeni hakimbizwi na filimbi ya mtu. Nilipotoka hapo kivuli changu kilikuwa kirefu kuliko karavani.

Mchanga

Kati ya mji na kambi kuna laga, mto mkavu wa mchanga mtupu. Nyakati za mzungu niliuvuka nikipiga mluzi. Safari hii gari lilivuka vizuri, likapanda ukingo, lakini karavani ilizama nyuma yake magurudumu yote mawili hadi kwenye ekseli. Nilikanyaga mafuta, ikazama zaidi. Nikachimba kwa mikono, mchanga ukarudi. Jua lilikuwa limefika usawa wa miti.

Juu ya ukingo kilikuwepo kijiji ambacho hakikuwepo zamani. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji hapo kwa sababu ya vita, na nyumba zao zilibanana: akal, zile nyumba za mviringo za fito na mikeka ambazo hufumuliwa na kupakiwa juu ya ngamia. Wanaume kadhaa waliketi wakinitazama. Nikapanda kwao, nikawaamkia, nikawaomba msaada. Nilisema kwa heshima. Wakaitikia salamu, wakaitazama karavani, hakuna aliyenyanyuka. Nikarudia kwa sauti ya juu zaidi. Mmoja akatabasamu na kutazama pembeni.

Nikaghadhibika. Nikasimama pale nikipunga mikono, nikawaambia nyumba yangu inazama, mgonjwa yumo ndani, kafyu inakuja, na wao wamekaa!

Hapo akatoka bibi mmoja mrefu, shungi jeusi, fimbo mkononi. Baadaye nilijua anaitwa Halima na kwamba alikuwa akiuza maziwa mjini, ndiko alikojifunza Kiswahili.

"Msee, unabiga kelele kwa nini?" akaniuliza. "Nyumba hii ya nani?"

"Yangu!"

Akina mama waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. Wale wanaume nao wakacheka kwa adabu, wakifunika midomo.

"Mwanaume ana nyumba wabi?" akasema Halima. "Mwanaume ana mifugo. Nyumba ya mwanamke. Anashona yeye, anajenga yeye, anafunga kwa ngamia yeye. Hawa wanaume hawawesi kushika nyumba ya mtu kama mwenyewe hajasema. Wewe labda umeiba. Wabi mwenyewe?"

Kumbe ndiyo sababu. Nilikuwa nimewaomba wanaume wasio na ruhusa, kwa jina la mwanamume asiye na nyumba. Kwa desturi yao nilikuwa mtu aliyekutwa anakimbia na nyumba ya mke wa mtu, kisha anaomba asaidiwe kuiiba.

Nikanyoosha kidole kwenye karavani. Halima akateremka ukingo, akagonga mlango kwa fimbo. Mlango ukafunguka nusu, uso wa Nyambura ukatokea.

"Mama, nyumba yako hii?"

Nilimtazama mke wangu. Alinitazama. Nimeoana naye tangu ujana wetu na naujua ule uso unapopata nafasi ya kunichokoza.

"Ni yangu," akasema. "Huyo ni dereva."

Halima akaitikia kwa kichwa, mambo yakiwa sasa yamekaa sawa. "Haye. Sisi wanawake tutaitoa. Lakini nyumba ikihama mwenyewe hakai ndani. Anasimama chini, anaamuru. Wanaokaa juu ya ngamia ni mgonjwa na mwanamke aliyesaa leo. Wewe uko yubi?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza tu, apate kujua ampange wapi. Niliona mkono wa Nyambura ukishika kizingiti. Mguu wangu mmoja ulikwisha kutangulia kwenda kumshika, ndipo nikakumbuka nilichoahidi kwenye ule mteremko wa Limuru. Nikabaki nilipo. Nasema kweli, kusimama pale bila kufanya kitu ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya maishani, na nimeendesha malori kwenye matope ya kila wilaya.

"Mimi si mgonjwa," Nyambura akasema, "na kuzaa nimeshamaliza."

Akatoa mguu wa kulia, ukaning'inia, ukatafuta kidaraja. Akatoa wa kushoto. Akakunja uso, akauma midomo, jasho likamtoka. Halima alisogea karibu lakini hakumgusa. Kisha mke wangu alikuwa chini, nyayo zake ndani ya mchanga wa moto, mkono mmoja ukiwa bado umeshika karavani. Akauachia. Akapiga hatua, akapiga nyingine, akafika mahali palipo wazi ambapo wote wangeweza kumwona, akaweka mikono kiunoni.

"Haya!" akapaza sauti. "Vuteni!"

Ile sauti yake! Ile ile mnayoijua, iliyokuwa imepotea mwaka mzima.

Sijaona kazi ikienda kwa kasi kama ile. Akina mama waliitoa mizigo yote nje, wakaileta mikeka ya nyumba zao wenyewe wakaitandika mbele ya magurudumu, wakafunga kamba zao za kupakia ngamia, wakaanza kuimba na kuvuta. Nyambura hajui neno la Kisomali, lakini aliamuru mwanzo hadi mwisho na wote walimtii. Mimi niliambiwa nikakae kwenye usukani, ninyamaze, nikanyage nikiambiwa. Hata wale wanaume, sasa mwenye nyumba alipokwisha kusema, waliteremka na kutia mabega yao. Karavani ikanguruma, ikainuka, ikapanda juu ya mikeka hadi ukingoni. Watu wakapiga vigelegele, na nikapiga honi mpaka Nyambura akanikemea niache kumaliza betri.

Alikataa kurudi ndani. Akaketi mbele kando yangu, miguu imejaa mchanga. Tuliingia kambini jua likigusa miti ya ng'ambo, na filimbi ikalia nikiwa nimeshazima injini.

Kambi ya wazee

Mnataka kujua ni nani wanaota jua siku hizi pale walipoota wazungu. Wa zamani amebaki mmoja, mjane mzee wa mkulima wa ngano, ambaye alikataa kuhamia nchi yoyote yenye theluji. Jirani yake ni Bwana Pinto, Mgoa, karani wa reli aliyestaafu, mwenye pumu na kinanda. Upande wa pili ni Mzee Odhiambo, aliyekuwa fundi wa meli za ziwani, na karavani yake aliiunda mwenyewe kwa mabati, inavuja lakini anaisifu. Kisha sisi. Ile nafasi nilipokuwa nalala chini ya gari ilikuwa wazi. Niliegesha hapohapo. Yule mjane alinitazama kwa muda mrefu, akakumbuka, akaja kunipa mkono, akauliza anisaidie nini. Nilimwomba atushikie kamba ya turubai. Akaishika vizuri.

Nyambura alitembea kila siku, mwanzo hadi kwa Pinto, kisha hadi mtoni, kisha hadi kijijini kwa Halima, ambako yeye na akina mama walikaa wakisemezana kila mtu kwa lugha yake na kucheka pamoja. Siku moja alirudi amenyamaza. Halima alikuwa amemwonyesha nyumba yake mwenyewe, imefungwa na kuwekwa kando. Ngamia wake wa kubeba nyumba walipotea katika vita, na kijijini nafasi ya kuijenga hakuna, analala kwa binti yake.

"Anasema nyumba anayo," Nyambura akatuambia sote jioni hiyo, "ila miguu ya nyumba ndiyo hana. Mimi nilikuwa na nyumba yenye miguu, nikawa sina miguu yangu mwenyewe. Mnasemaje?"

Pinto alikohoa, akasema kanuni ya kambi tangu zamani ni kwamba ni mahali pa wazee wanaosafiri na nyumba zao. Odhiambo akasema nyumba ya Halima imesafiri kuliko zetu zote. Mjane alisema tunachelewa bure, kesho gari lipelekwe.

Ruhusa ilipatikanaje, hilo naliruka kama nilivyoahidi. Gari langu lilibeba fito, mikeka na kamba, na wale wanawake wa kijijini walikuja kumjengea. Nilijaribu kushika fito moja nikafukuzwa. Adhuhuri akal ilikuwa imesimama mwishoni mwa safu yetu, mlango umeelekea mto, na Halima ametupikia chai sote. Alimkalisha Nyambura mahali pa heshima.

Nyumbani

Tumerudi Septemba na msafara. Sajini yule alitukuta kizuizini, akamwona Nyambura anatembea kuzunguka gari akikagua matairi. Akauliza kambi inafunguliwa lini kwa ajili ya mama yake.

Tulipofika Limuru Nyambura hakuingia kwake kwanza. Alishuka barabarani, akavuka, akapita katikati ya ua wa Karanja hadi jikoni, akatoka na sufuria yake kubwa kichwani. Karanja amekuwa mpole tangu siku hiyo.

Sasa nasikia mnataka kuja. Shemeji yangu asiye na subira anasema mgongo unamuuma, na watu wawili wameniuliza kama karavani inaweza kuazimwa Juni. Mimi mnanionea bure, mimi ni dereva. Mwenye nyumba mtamkuta jikoni, amesimama.